Kuhusu kaka yako anayekohoa tangu arudi Mererani

Dada, umesema kaka yako anakohoa wiki ya tatu sasa, wenzake wanamwambia "ni vumbi tu la mgodini", na hapo nyumbani Arusha mmeshamtengea sahani na kikombe mkihofia kifua kikuu (TB). Vyombo mrudishieni leo. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani, kinapita hewani mtu anapokohoa. Fungueni madirisha, azibe mdomo akikohoa, na kwa sasa alale chumba chake.

Hilo la "vumbi tu" ndilo linaloniumiza. Vumbi la mwamba lina silika (chembe laini sana za madini ya mawe), linaacha makovu kwenye mapafu, na mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo anaweza kuwa na vyote viwili. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kwenda kupimwa makohozi, asingoje mpaka akonde au atoe damu. Vipimo na dawa za TB ni bure. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha wanawajua vizuri wanaapolo (wachimbaji wa Mererani), ila aanzie kituo cha karibu.

Akikutwa nayo, dawa kwa kawaida ni miezi 6, na asiache hata akijisikia mzima mwezi wa pili! Watoto wa chini ya miaka 5 hapo ndani nao wapelekwe wakachunguzwe.

Akirudi kazini, waulize kama wanachoronga mwamba kwa maji ili vumbi lisiruke. Kitambaa usoni hakizuii vumbi lile laini.