Gitaa la mpingo: nini cha kukubaliana na fundi

Ndugu wa Mikindani, umeuliza kama fundi akutengenezee gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, lote kwa mpingo, kwa kuwa mti huo unapatikana huku kwetu Lindi. Nakusihi usifanye hivyo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, ilhali ubao wa mbele, ambao ndio unaotikisika na kutoa sauti, unatakiwa uwe wa mti mwepesi lakini imara, kama sprusi au mwerezi, uliopunguzwa hadi unene wa milimita 3 hivi. Mpingo uuweke mgongoni, mbavuni na kwenye ubao wa shingo, pale vidole vinapobonyeza nyuzi. Ukigonga kipande chake kikavu utasikia kinalia kama kengele.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni unyevu. Gitaa hustawi katika unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya pwani huzidi hapo, kwa hiyo muulize fundi mbao zimekauka kwa muda gani na hugundisha katika chumba gani. Mimi sikuuliza, na daraja la gitaa langu, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele, likabanduka masika ya kwanza.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, piga nyimbo mbili tatu mbele yake aone mkono wako, kisha mwandikiane upana wa shingo na aina ya nyuzi.