Kabla hujaifuta kodi (code) ya tovuti yako, soma mstari mwekundu

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kitufe cha kutuma fomu hakifanyi kitu. Nimefuta kodi yote nikaandika upya, bado." Nilisikitika. Kazi yote ile aliifuta bure! Nikamwambia abonyeze F12, afungue konsoli, pale kivinjari kinapoandika makosa kwa rangi nyekundu, anisomee mstari mwekundu wa kwanza. Ulitaja null, yaani kitu hakijapatikana. Skripti, yaani kodi inayokiendesha kitufe, aliiweka juu, kwenye head, ikaanza kukitafuta kitufe ambacho kivinjari bado hakijakifikia. Kaongeza kwenye tagi ya script neno defer, linaloifanya isubiri ukurasa usomwe wote, kitufe kikafanya kazi.

Lakini konsoli mara nyengine hunyamaza, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Mwenye nyumba ya wageni kule Jambiani aliambiwa na waliomjengea tovuti kwamba ibomolewe yote, ianzwe upya. Chumba chake ni shilingi 150,000 kwa usiku. Mgeni akichagua kulala siku tatu, jumla inatoka 450. Nilipofika alinitazama juu mpaka chini: "Wewe ndiye fundi?" Swali lile linaniuma mpaka leo.

Konsoli haikuwa na wekundu hata chembe. Nikaweka console.log, amri ya kuchapa thamani kwenye konsoli, kabla bei haijageuzwa namba na baada yake. Kabla: 150,000. Baada: 150. Nikaongeza typeof kuuliza bei ile kabla ya kugeuzwa ni ya aina gani, ikajibu string. Basi ile bei ilikuwa maandishi, si namba, na parseInt, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, husoma tarakimu kutoka kushoto. Ikikuta koma inasimama papo hapo na haisemi kitu. Nikaiondoa koma kwa replaceAll kabla ya kugeuza. Jumla ikaja 450,000. Malipo alinipa, ahsante sikuisikia.

Kwa hivyo vijana wenzangu mnaotaka kula kwa kazi hii, acheni kubahatisha! Msome mstari mwekundu wa kwanza, kwa sababu wa chini yake mara nyingi ni watoto wake. Konsoli ikinyamaza, ichapeni thamani muione kwa macho. Jaribuni dirisha la faragha: tovuti ikikubali kule, shukuni kashe (nakala za zamani alizoziweka kivinjari) au viendelezi (vijiprogramu vilivyoongezwa kwenye kivinjari), mbonyeze Ctrl+Shift+R kuipita kashe. Na msibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hamtajua kipi kimeponya. Someni kosa jamani, someni!

Na atakayeniandikia, anitumie maneno ya kosa lenyewe pamoja na namba ya mstari. Picha ya kitufe hainisaidii.