Punguza Kazi, Ubaki na Kazi Yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lira, kaskazini mwa Uganda, aliniandikia. Anapiga picha za harusi, anabuni nembo, anachapa fulana, na Jumamosi anapiga muziki kwenye sherehe. "Dada," ameandika, "nafanya kila kitu na mwisho wa mwezi sina kitu. Wewe uliacha Kampala, ukapunguza mambo, na naona unaishi. Mimi nianzie wapi?" Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Wachoraji, wapiga picha, mafundi cherehani wenye mitindo yao, sote tunaojiajiri kwa vipaji vyetu tunalifahamu swali hilo.

Mdogo wangu, ngoja kwanza nikueleze nilikotoka.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa Nasser Road, ule mtaa wa wachapishaji katikati ya Kampala. Pale utachapiwa chochote: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, lebo za asali, mabango ya wagombea. Nilikodi meza, hata chumba sikuwa nacho, ndani ya duka lenye mashine ya kukatia karatasi. Kisu chake kilishuka nyuma ya mgongo wangu kutwa nzima. Rimu inakatwa kwa pigo moja, vipande vyembamba vinamwagika sakafuni mpaka vinafunika viatu, na harufu ya wino inakufuata hadi nyumbani. Mteja hakai, anasimama begani kwako na kunyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta: ongeza maua hapa, mama mkwe anataka rangi ya dhahabu, jina la mjomba liwe kubwa kuliko la baba mdogo. Ukimaliza kadi, bango linasubiri. Ukimaliza bango, kuna mtu wa fulana.

Nilikuwa hodari wa kazi ile, na nasema hivyo bila aibu. Watu walitoka mpaka Masaka kunitafuta. Lakini mimi nilitaka kuchora vitabu vya watoto. Nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi kule Jinja, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha uani. Nilianza kuchora kwa mkaa kwenye kuta za nyumba za mtaa, nikachapwa, nikachora tena. Hamu hiyo haikuwahi kuniacha. Ilikuwa imefunikwa tu na kadi za harusi za watu.

Mabadiliko ya kwanza sikuyachagua mimi. Wateja wangu wengi walinipata Facebook, ambako nilikuwa nimepanga kazi zangu zote. Tayari tulikuwa tumepita kodi ya mitandao ya mwaka 2018, zile shilingi 200 kwa siku kabla hujaingia WhatsApp. Kisha Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchi nzima, na ikabaki imefungwa hata baada ya uchaguzi kupita. Wenzangu wengi walipoteza duka lao usiku mmoja. Mimi nilinusurika kwa sababu nilikuwa na daftari. Tangu mwanzo nilizoea kuandika jina la mteja, namba yake ya simu, kazi niliyomfanyia na alivyolipa. Nilikaa chini nikapiga simu, jina baada ya jina. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapo, kwenye daftari. Wateja wako wawe mkononi mwako, wasiwe kwenye ukurasa ambao mtu mwingine anaweza kuuzima.

Jambo la pili linaniuma hadi leo. Kampuni moja, sitaitaja, iliniagiza picha ya watoto wakivuka barabara. Nilipewa malipo ya siku moja ya kazi. Mwaka uliofuata niliikuta picha yangu kwenye majalada ya madaftari ya shule, dukani, rundo kwa rundo, na saini yangu imekatwa. Nilipouliza nikajibiwa kwamba nililipwa. Niliitafuta sheria nikaisoma mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, kama ilivyoandikwa, inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa ni mali ya aliyeagiza, isipokuwa kama mkataba wenu unasema vingine. Isome tena sentensi hiyo, mdogo wangu. Bila karatasi, anayelipa ndiye mwenye picha. Wangapi kati yetu wanalijua hili? Ndiyo maana siku hizi sigusi penseli kabla ya karatasi moja yenye mistari michache: nachora nini, itatumika wapi, kwa muda gani, na haki inabaki kwa nani. Mteja anayekasirishwa na karatasi ya mistari michache amekuonyesha mapema nia yake.

Kisha ukaja mwaka 2022. Mwezi wa Julai Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watu walilibishania sana jambo hilo, walimu wako wapi, vitabu viko wapi. Mimi nilisikia hilo swali la pili tu. Kitabu cha mtoto hakiwezi kukosa picha, na picha za vitabu vingi vya Kiswahili tulivyokuwa tukivikuta madukani zilionyesha maisha ya pwani, madau na minazi, wakati mtoto wa Busoga, kwetu upande wa Jinja, anajua ndizi, boda boda na mukene, dagaa wa ziwani, uliotandazwa juani. Nikajiambia kazi yangu ndiyo hii.

Nikarudi Jinja. Kodi ya nyumba ikashuka, foleni ya Kampala ikaisha maishani mwangu. Nikaacha kadi, nikaacha mabango, nikaacha fulana. Nikajitoa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya mikutano ya harusi, yale ambayo unaingizwa kama rafiki na baada ya siku mbili wewe ndiye kamati ya kadi, bure. Ndugu walinuna. Shangazi mmoja alisema nimepata kiburi. Nilimwambia, "Shangazi, nitachanga pesa kama wengine, lakini kalamu yangu ndiyo shamba langu, siwezi kuligawa kila Jumamosi." Hakufurahi siku ile. Harusi ya mwanawe ilifanyika na kadi zikapatikana Nasser Road kama kawaida.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, siielezi yote. Nilikula akiba na nilifundisha watoto kuchora siku za Jumamosi.

Sasa asubuhi nyingi nashuka Masese, kwenye mwalo, na karatasi na wino. Wanawake wanatandaza mukene juu ya nyavu, wanaugeuza kwa ufagio mfupi, wameinama kiunoni bila kupinda magoti, na kila mmoja ana mkono wake wa kufagia. Mmoja alinisimamia siku nzima kwa sababu nilichora ufagio umeshikwa juu. Akaninyang'anya penseli, akanionyesha kwamba unashikwa chini kabisa, karibu na vijiti, vinginevyo samaki wanavunjika. Ukurasa ule umo kwenye kitabu cha watoto nilichokichora, ufagio umeshikwa chini. Nilipopelekewa nakala za kwanza nilimpa yake, akaizungusha mwalo mzima. Hakuna kadi ya harusi iliyowahi kunipa furaha ile.

Ndiyo maana msimu wa uchaguzi wa Januari 2026 uliponijia na simu za mabango, na pesa taslimu, nilikataa. Usidhani pesa zile hazikunivuta. Lakini ukikubali bango moja umekubali yote, kwa sababu mgombea ana binamu na binamu ana harusi. Sisi wenye vipaji tunaogopa kukataa kazi. Tunadhani kila "hapana" ni njaa. Nakwambia kinachotuua njaa ni "ndiyo" nyingi za bei ndogo, zinazokula saa ambazo ungejenga jina lako. Chagua kazi moja ambayo watu watakutaja kwayo. Ichague hata kama hailipi vizuri zaidi leo. Halafu irudie, irudie, mpaka mtu wa Gulu akiulizwa nani anafanya kazi hii, jina lako litoke kabla ya kufikiri. Na uandike mkataba. Na utunze daftari. Najua nimeyasema tayari, nayasema tena kwa sababu mtayasoma na kuyaacha.

Mambo ya kodi ni mafupi: jisajili upate namba ya mlipakodi, kwa sababu wachapishaji wakubwa hawakulipi bila hiyo. Mlipaji aliyeteuliwa na mamlaka ya mapato akikulipa zaidi ya shilingi milioni 1, atakata asilimia 6. Mdai cheti cha makato hayo siku hiyo hiyo.

Umeniuliza pia mwishoni kuhusu ile mashine ya kuchapa fulana, uibakize "kwa dharura" au uiuze. Kwa picha ulizonitumia, wewe ni mpiga picha. Zile za wazee wa Lira waliokaa mbele ya nyumba zao nimezitazama kwa muda mrefu, na hakuna fulana itakayozifikia. Iuze mashine. Iuze kwa mgeni, kwa pesa taslimu, usiiuze kwa ndugu atakayekulipa kidogo kidogo, maana itarudi kwako na fulana zake. Pesa hizo nunua lenzi, na zitakazobaki ziwe nauli ya kwenda vijijini kwa wazee wengine. Ukishapiga hao, niandikie tena.