Ex anatishia kusambaza picha za mdogo wako: msilipe, na msifute kitu

Mkuu, nimekusoma. Mdogo wako yuko mwaka wa pili, jamaa waliyeachana anadai laki tatu la sivyo picha zake zinaingia grupu la darasa, na nyumbani mmeshaanza kuchanga. Acheni kuchanga. Nimekuwa matroni wa hosteli ya wasichana chuoni, kesi za namna hii nimepokea nyingi, na sijaona hata moja iliyoishia kwenye malipo ya kwanza. Akipata laki tatu leo, wiki ijayo atataka tano, kwa sababu ameshajua mnatoa.

Kwanza ushahidi. Hofu ikimshika binti anafuta chati yote, anambloki jamaa, anatupa na laini. Mwambie asifanye hivyo. Skrinshoti nayo ina namna yake: binti mmoja aliniletea vitisho vyote, lakini juu ya chati palisomeka "Baby" na alama ya moyo, namba haionekani popote. Tukagusa lile jina, namba ikatokea, tukarekodi skrini kuanzia hapo tukishuka meseji moja moja pamoja na tarehe zake. Laini hapa Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo hata akitumia ya rafiki yake, polisi wana pa kuanzia. Na kama alishamtumia hela yoyote, meseji ya muamala itunzwe.

Kisha nendeni polisi, dawati la jinsia na watoto, mpewe RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo. Msisubiri picha zitoke, tishio lenyewe ni kosa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumuumiza kihisia; adhabu ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kitajeni kifungu hicho pale kaunta. Mkisema tu "ex wake anamsumbua" mtaambiwa mkayamalize wenyewe.

Leo hiihii aingie StopNCII.org. Ni huduma ya bure inayoendeshwa kutoka Uingereza tangu 2021, kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Anachagua picha, simu yake inaitengenezea alama ya kidijitali, na kinachotumwa ni ile alama tu. Picha haitoki kwenye simu. Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine iliyojiunga huitumia kuitambua picha ikipandishwa kwao. Mabinti wengi hukwama hapa, wanaona kama wanaikabidhi picha kwa mtu mwingine tena, basi kaa naye mpaka amalize. Picha ikikatwa au kuhaririwa inaweza kupenya.

Meseji za WhatsApp alama hiyo haizigusi. Huko anayeweza kusaidia ni admin, kwa hiyo mdogo wako akiridhia, ongeeni mapema na CR, yaani mwakilishi wa darasa, ambaye mara nyingi ndiye admin. Picha ikiingia, CR atunze namba iliyotuma na saa, aifute kwa wote, amtoe aliyeituma.

Na ninyi mnaoandika "naomba koneksheni PM", yaani mtumiwe picha za utupu zilizovuja, kila jina la chuo likitajwa humu, jueni mnamsaidia huyo mtesaji. Picha aliyonayo haina nguvu yoyote pasipo watu wa kuipokea. Nimekaa kitandani na binti aliyeacha kwenda darasani na kula kantini, maana kila aliyeshika simu alihisi anamtazama yeye. Aliyemvujishia ni mmoja. Waliomfungia ndani ni darasa zima.

Chuoni apitie kwa mshauri wa wanafunzi, asiende peke yake, na aanze kwa kueleza kuwa anatishiwa. Wengi hunyamaza wakihofia kuitwa kamati ya nidhamu. RB mkononi inasaidia sana hapo, ndiyo maana nimetanguliza polisi.

Wiki hii asilale chumbani peke yake. Mkirudishwa kituoni, niandikie PM nikueleze namna ya kumfikia OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya.