Vidoa Visivyowasha: Jibu kwa Mama wa Jinja

Juzi mama mmoja wa Jinja ameniandikia: mwanawe ametoka vidoa vyekundu miguuni, haviwashi, na jirani kamwambia ni joto tu. Jibu la mstari mmoja lingekuwa uchoyo.

Mdogo wangu alianza hivyohivyo, tukiwa Bombo. Vidoa vya ukubwa wa ncha ya sindano vifundoni, kisha mavilio ya damu mapajani bila kupigwa wala kuanguka. Shangazi akasema anachapwa na mashetani usiku. Kliniki moja mjini ikampa dawa ya fangasi ya kupaka, na ilipokwisha ikampa nyingine. Mimi ndiye niliyekandamiza gilasi ya chai juu ya vile vidoa nikaona havififii. Upele mwingi hufifia ukiukandamiza. Damu iliyovuja chini ya ngozi haiendi popote. Niliposema apimwe damu, nikaambiwa shule imenipandisha kichwa. Maneno hayo bado ninayo.

Nikampeleka mwenyewe. Chembe sahani, zinazozuia damu kuvuja, kwa kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Zake hazikufika 20,000. Tukaishia Mulago, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda: lukemia, yaani saratani ya damu. Uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ulijaa seli changa zisizo na kazi, chembe sahani zikakosa pa kutengenezewa. Ya matibabu ni marefu, siyasimulii leo. Yu hai, anakula posho na maharage kunishinda.

Sasa nisikilizeni, wazazi. Kwenye ngozi nyeusi vidoa hivi hujificha. Fungua kinywa utazame kaakaa, geuza kope, tazama nyayo. Fizi zilizovimba zinazotoa damu, mtoto aliyepauka, vinundu vigumu visivyopona (wakati mwingine seli za saratani huingia ngozini kwenyewe): hayo si ya kupakwa mafuta. Wala msikubali achanjwe chale! Mwenye chembe sahani chache hutoka damu isiyokatika, na jeraha huingiza vijidudu katika mwili usio na kinga. Aspirini msimpe. Sindano za msuli za duka la dawa, hapana.

Mama wa Jinja, huenda si lukemia. Malaria nayo hushusha chembe sahani. Lakini mpeleke leo, uombe picha kamili ya damu (kipimo kinachohesabu chembe za damu), na wakikupa mafuta ya kupaka, omba tena. Akiwa na homa au akitokwa damu puani, usipitie kliniki, nenda moja kwa moja hospitali kubwa.