Kutoka picha ya simu hadi mchoro dhahania

Wachoraji wanaoanza sanaa dhahania, ile isiyochora vitu jinsi vinavyoonekana, huniuliza mawazo yanatoka wapi. Mimi huwaambia wafungue simu zao. Kama unaishi Kisumu na umewahi kupiga picha ufuoni Dunga, sokoni Kibuye au kwenye majabali ya Kit Mikayi, mali unayo tayari. Kazi iliyobaki ni kupunguza.

Picha husema mengi kwa mkupuo mmoja: mashua, watu, ndoo za plastiki, mawingu, magugumaji. Mchoro dhahania unataka jambo moja. Linaweza kuwa mistari inayoinama upande mmoja, rangi mbili zinazogombana, au giza linavyokaa kando ya mwanga. Kabla hujagusa brashi, jiulize ni nini hasa kilikufanya utoe simu mfukoni. Ukiweza kukieleza bila kutaja jina la kitu chenyewe, umeshapata pa kuanzia.

Chukua omena, dagaa wa Ziwa Victoria, walioanikwa juu ya nyavu. Ukiwa mbali unaona mng'ao tu. Sogea, uiname. Kila omena ni mchirizi mfupi wa rangi ya fedha, mgongoni una kijivu kinachokaribia kijani, na kati yao kuna mianya myeusi ambamo uzi wa wavu hujitokeza na kupotea. Mimi nilivutwa na mianya hiyo kuliko samaki wenyewe. Haina umbo linalofanana na lingine, na ndiyo inayofanya ile michirizi ionekane kama inakwenda mahali. Niliielekeza simu chini moja kwa moja ili ziwa na anga visiingie. Upeo wa macho ukionekana tu, mtazamaji anaanza kusoma mandhari, na hapo dhahania imekwisha. Halafu uombe ruhusa kabla ya kupiga. "Piga omena, mimi uniache," mama mwenye mzigo aliniambia, nami nikamshukuru.

Saa nazo zina maana. Kisumu iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini na vivuli vimejificha chini ya vitu. Piga asubuhi mapema au jioni, vivuli vikiwa virefu. Kivuli cha mafunjo juu ya maji ni mchoro nusu tayari.

Ukirudi nyumbani, chapisha picha kwa rangi nyeusi na nyeupe, hata kwenye karatasi ya kawaida ya saiba. Kata vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la herufi L, uvipange juu ya picha viwe fremu, kisha uvisogeze: pana, nyembamba, kona ya juu, kona ya chini. Endelea hadi ufike kipande ambacho mtu akikiona hawezi kusema ni picha ya nini, lakini bado anataka kukitazama. Igeuze picha juu chini. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, ubaki na madoa matatu: jeusi, la kijivu na jeupe. Nakili mipaka ya madoa hayo kwa mkaa, na usinakili kitu kingine chochote. Fanya vijichoro vingi vidogo, vya ukubwa wa kiberiti, kabla ya kupanda kwenye turubai, kitambaa cha kuchorea. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sioni sababu ya kuiharakisha.

Siwashauri programu zinazogeuza picha kuwa "mchoro" kwa kubonyeza mara moja. Nini kibaki na nini kiondoke ni uamuzi wa mchoraji, na mkono hujifunza kwa kuamua.

Rangi usizichukue kwenye picha. Kamera ya simu huzamisha vivuli viwe vyeusi tii, wakati macho yako pale ufuoni yaliona buluu na zambarau ndani yake. Chagua rangi chache. Buluu ya ultramarini na kahawia ya sienna iliyochomwa, pamoja na nyeupe, hutoa vijivu vya kila aina, baridi na vuguvugu. Vinatosha omena wote wa Dunga. Kumbuka pia kwamba rangi ya akriliki ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, na joto letu huikausha upesi. Weka kitambaa chenye maji chini ya rangi zako.

Madoa makubwa yakishakaa kwenye turubai, ifunike picha. Kuanzia hapo mchoro ujibiwe na mchoro: doa hili linalemea, mstari ule umekosa mwenzake. Mholanzi Piet Mondrian aliurudia mti kwa miaka, na kufikia 1912 matawi yake yalikuwa yamebaki mistari na mapinde. Yeye alianzia kwenye miti yenyewe, lakini njia ya kupunguza ni hiyohiyo, nayo haimalizwi kwa mchoro mmoja. Rudi kwenye picha ileile na fremu nyingine.

Na picha iwe yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda picha zilizopigwa na wengine, na kubadilisha rangi hakukupi umiliki. Ukiipenda ya mwenzako, mwandikie umwombe, na akikubali uhifadhi ujumbe wake.