Jibu: Ukitoka H4 kwenda M15 chati inajibana na mistari inavurugika

Mkuu, tatizo lako la MetaTrader (programu ya chati za bei na biashara ya sarafu) linatokana na kubadilisha taimufremu ndani ya dirisha moja. Taimufremu ni muda ambao kila mshumaa (alama ya mwendo wa bei) unaonyesha: M15 ni dakika 15, H4 ni saa nne, D1 ni siku moja. Kiwango cha ukuzaji hakibadiliki, ila muda unabadilika sana: mishumaa 100 ya H4 ni kama siku 17 za soko, ya M15 ni saa 25 tu.

Fungua chati tatu za jozi ileile ya sarafu, D1, H4 na M15, kisha bonyeza Alt+R zijipange. Kila moja ikuze kivyake kwa + na -. Ukishapanga, hifadhi kama profaili, yaani mpangilio wa chati zote. Templeti inabeba indiketa (vipimo vya uchambuzi) na rangi za chati moja tu.

Chati kujibana kwa wima ni kwa sababu uliburuta skeli ya bei upande wa kulia. Bofya hapo mara mbili, itarudi. Kuburuta skeli kunadanganya watu wengi: ukiivuta upande mwingine, mshumaa wa kawaida unaonekana mkubwa, mtu anaingia sokoni kwa pupa.

Mistari nayo: bonyeza Ctrl+B kufungua orodha yake, chagua mstari, fungua sifa zake, weka tiki kwenye taimufremu unazotaka tu. Mstari wa M15 hauna kazi kwenye D1.

Tena angalia saa ya seva ya dalali wako. Ikiwa UTC+2 (saa mbili mbele ya saa ya kimataifa), mshumaa mpya wa D1 huanza saa saba usiku hapa Dar. Ikiwa UTC+3, saa sita. Usilinganishe mishumaa ya H4 ya madalali wawili kabla ya kujua hilo.